Milimita Kumi na Tisa

Wamenigandisha sumaku kwenye meno ya chini,
ndogo kama punje ya mtama,
na kichwani nimevishwa fremu nyepesi,
miwani isiyo na vioo.
"Fungua," anasema Daktari Zayana. "Funga. Tena, polepole."
Mimi, dalali wa mbuzi wa Ijumaa, Nizwa,
miaka ishirini na sita nikizunguka duara lile, kamba mkononi,
nikiwapanua mbuzi midomo wanunuzi wahesabu meno,
leo napanuliwa mimi.

Wahenga walituonya tusijikwae ulimi.
Taya hawakulitaja.

Kwenye kioo mstari wa kijani unashuka,
unachepuka kulia kama mnyama mwenye kwato mbovu,
halafu
ta!
unaruka, unarudi njiani.
"Hapo," anasema. "Milimita kumi na tisa."
Nilidhani ile ta! ni siri yangu na sikio langu,
nikila mkate, nikipiga mwayo.
Kumbe ina anwani.

Juzi walinilaza ndani ya sumaku kubwa,
ile inayogonga kama mafundi bati waliogombana.
Picha ya kwanza, mdomo umefungwa.
Ya pili, nimeng'ata kipande cha plastiki, mdomo wazi,
mate yananitiririka hadi shingoni, mzee mzima.
Sasa ananionyesha kwa ncha ya kalamu:
hiki cheusi, chembamba kiunoni, ni kisahani cha gegedu.
Kinatakiwa kikae juu ya kichwa cha mfupa kama kofia.
Chako kimeteleza mbele.
Ukifungua mdomo mfupa unakifukuzia,
unakivaa kwa kishindo.
Ukifunga, kinaanguka tena.

Lo! Hata kofia niliyozaliwa nayo
nimeshindwa kuivaa sawa.

"Sasa sema kama unavyosema sokoni."
"Bila mbuzi?"
"Bila mbuzi."
Basi namnadi beberu wa Jabal Akhdhar asiyekuwepo,
kwa Kiarabu kwanza, sabini, sabini na mbili,
kisha nanogewa, naingia Kiswahili nilicholelewa nacho Bujumbura:
mtazame mgongo huo, bwana, meza ya wageni kumi!
Riali moja tu ndiyo ikukoseshe nyama ya Idi?
Sajeevan, fundi wa mashine, anacheka mpaka anashika meza.
Mstari umekuwa uzi uliochezewa na paka.
Kila ta! inapata nukta nyekundu.
Mashine haijui Kiarabu, haijui Kiswahili,
na bei haiijui kabisa.

"Usiku unasaga meno?"
Nimelala, daktari, nitajuaje?
"Kuna mtu amewahi kukwambia?"

Khadhra alikuwa akinambia.
Kiwiko cha mbavu, saa nane za usiku:
"Geuka, bwana we, unasaga mahindi ya nani?"
Nageuka. Jiwe linanyamaza.
Mwaka wa pili huu upande wake wa kitanda
naweka nguo zinazongoja pasi.

Sikujibu. Fremu ilikuwa bado kichwani.
Mstari ulishuka milimita mbili, tatu,
ukatetemeka,
ukarudi juu.
Sajeevan alidhani ni kosa, akanyoosha kidole aufute.
"Uache," alisema daktari.

Walinichongea kigao cha plastiki, kinavaliwa usiku.
Nisitafune nyama ngumu, nisipige kelele.
Ijumaa mpwa wangu Mundhir ndiye anayenadi, sauti bado mbichi,
anaruka bei, anamsahau mnunuzi wa nyuma;
mimi nashika kamba na kumkonyeza.

Asubuhi nakichukua kile kigao hadi dirishani.
Kina mikwaruzo mipya, upande wa kulia zaidi.
Kwa hiyo nasaga.
Nakisuuza, nakirudisha kwenye kijaluba chake,
natia maji ya kahawa jikoni.
Ya mtu mmoja.