Magunia Matatu

Gunia la bluu ni la walioachishwa ziwa juzi,
la kijani ni la wanaokua,
la kahawia ni la kunenepeshea.
Ndivyo alivyotwambia Odacir, wakala wa kampuni,
aliposhuka garini na viatu vyeupe
akachagua pa kusimama.

Neiva, mke wangu, hasomi rangi.
Alichovya kidole katika la bluu, akalamba.
"Pumba."
Akatema, akalamba la kijani.
"Pumba, na chumvi."
La kahawia hakulionja.

Mimi nilisoma lebo: protini ishirini,
kumi na saba, kumi na nne.
Nikaiamini ile ngazi, maana mtoto tumbo lake kikombe,
kila tone sharti liwe na kitu;
wa kilo mia ni pipa,
hata chepesi akijaza kitamfaa.

Wiki ya kumi, banda la pili,
manyoya yamesimama kama brashi kuukuu,
mikia imetafunwa hadi damu.
Nikawapandisha mizani mmoja mmoja
nikaandika nyuma ya kalenda:
kumi na tisa, kumi na nane, kumi na tisa na nusu.
Mwaka jana, wiki hiyohiyo, ishirini na nane.

Tukajaza makopo matatu ya kahawa,
tukayapeleka maabara, kule bondeni.
Siku kumi na mbili. Karatasi moja.
Kumi na nne na nukta tisa.
Kumi na tano.
Kumi na nne na nukta nane.
Laisini haba. Majivu tele: chokaa iliyosagwa.
Uji mmoja, nguo tatu.

Na wakubwa walinenepa, msinielewe vibaya.
Walinenepa vizuri, wakalipa deni la paa.
Ndiyo maana hatukushuku:
uongo ulimtosha mkubwa,
ukampwaya mdogo.

Odacir alirudi Alhamisi, mvua ikinyesha
juu ya milima yote ya Santa Katarina.
Neiva akampangia vikombe mezani,
cha bluu, cha kijani, cha kahawia,
akamimina kutoka birika moja.
"Hiki cha utotoni. Hiki cha ujanani.
Hiki ukishaota kitambi."
Alikunywa cha kwanza, akaonja cha pili.
"Lakini dona Neiva, kahawa ni ileile."
"Bei je?" akauliza Neiva.

Sikungoja jibu.
Namba ishirini na saba alikuwa hajasimama tangu asubuhi.
Nilichukua maziwa ya unga, na soya tuliyokaanga wenyewe,
nikaenda kupiga magoti kwenye majani makavu.