Nusu ya Kinyume

Nilikuwa na miaka tisa, Makó, mji wa vitunguu,
ambako hata noti za benki hunuka vitunguu,
na mwalimu alitutaka insha juu ya jioni za nyumbani.
Nikaandika: Kila Alhamisi, saa moja na nusu,
adui wa baba huja kwa baiskeli
akiwa na soksi ya sufu mfukoni.

Baba, fundi saa, aliisoma lenzi ikiwa bado jichoni,
akacheka mpaka ikamdondokea kwenye chai.
Kisha akaacha kucheka, akatafuta penseli.
"Umeandika ellenség. Kornél ni ellenfél."
Maneno mawili, mlango mmoja: ellen, kinyume,
na mtoto mwenye haraka hupitia popote.

La kwanza, alisema, lina mkia wa mambo yasiyoshikika,
mkia uleule tuliolipa giza,
tuliolipa njaa, tuliolipa ugonjwa.
Huwezi kulivutia kiti.
La pili linaishia na fél.
Na fél, binti yangu, ni nusu.

Sataranji yao waliinunua kwa kuchangiana,
na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake na sanduku zima
waligawana: nyeupe zikakaa kwetu, kwenye kopo la biskuti,
nyeusi zikaenda na Kornél Lázár, mchuuzi wa vitunguu,
ndani ya soksi ambayo mkewe aliisaka miaka miwili.
Walitukanana. Kornél alirudisha kete alizokwisha kuzisogeza,
akasema supu yetu ingefaa kuoshea magurudumu.
Watu husema adui mwombee njaa;
huyu baba alimkatia mkate,
kipande cha mwisho, kile chenye gamba.
Ndani ya mlango wa kabati, kwa chaki: 604, 611.
Kubwa ilikuwa ya Kornél.

Kisha ukaja mwaka wa barua.
Ilipigwa kwa taipu, haikuwa na jina wala sahihi,
na baada ya barua karakana ya baba ikafungwa kwa lakiri.
"Nani kaandika?" niliuliza.
"Lile neno lako la kwanza," akajibu,
na hakutafuta zaidi.
Alhamisi ile Kornél alifika kama kawaida.
Hakusema pole. Alimla malkia wetu hatua ya kumi na nne
bila huruma, akapangusa midomo, akaomba mchezo mwingine.
Usiku baba alimwambia mama:
"Angenihurumia, ningelia."

Ilikuwa shule ya sekondari, kwenye somo la sarufi,
nilipogundua kitu ambacho baba alikiruka.
Fél ni nusu, ndiyo, lakini ni kitenzi pia:
anaogopa.
Nikakimbia nyumbani na ugunduzi wangu kama yai kiganjani.
"Kumbe mlikuwa mnaogopana!"
Baba alikuwa akitia ufunguo saa ya jirani.
"Mimi, kila Alhamisi," alisema,
"kuanzia saa moja na robo
mpaka nisikie baiskeli."

Februari, siku ya Jumanne, si siku yake,
Etelka mjane aliileta soksi.
Hakuingia ndani; theluji ilikuwa imemganda kwenye buti.
Baba aliipima kwa mkono mmoja, kama mchuuzi,
hakuifungua.
"Sasa ninazo zote," alisema,
kwa sauti ya mtu aliyetozwa faini.

Kopo na soksi bado viko rafu moja,
havijawahi kukutana.
Mwaka jana nilipaka jiko rangi, mlango wa kabati pia, nje na ndani.
Nilipozifikia namba zile niliweka chini brashi kubwa,
nikachukua ile ndogo ya kupakia saa,
nikazizunguka polepole.