Ishirini na Sita

Kettle Run, Pennsylvania. Agosti 1909.

Mchana mimi ni karani wa mishahara wa kampuni ya makaa,
jioni ninaandika hesabu za mchezo kwa ajili ya gazeti:
penseli ileile, koti lilelile lililochakaa kiwikoni.
Wenyeji wanne, wageni watatu.
Muda: saa moja na dakika arobaini na nane.
Watazamaji: mia sita na kumi na wawili,
bila watoto waliokalia uzio.

Besiboli ni deni la vichwa ishirini na saba.
Watoe wapinzani ishirini na saba, ndipo ukalale.
Najumlisha safu ya wageni kutoka juu,
najumlisha kutoka chini,
nalowesha penseli ulimini, najumlisha tena:
ishirini na sita.
Hesabu iko sawa. Wawili walikwisha kutolewa
mbio ya ushindi ilipoingia,
na yule wa ishirini na saba hakutolewa, wala hatatolewa.
Dunleavy angali anakikimbilia kituo cha kwanza
ndani ya karatasi yangu, kofia imemtoka.

Sasa mpira wenyewe.
Ulikuwa wa chini, mpole,
mpira ambao hata bibi harusi angeuokota asichafue gauni.
Ulimwendea kijana aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu,
na kijana huyo hakuwa wao, alikuwa wetu:
mchezaji wao, Eberhart, alilala hotelini, chaza wamemgeuka tumboni,
wakaazima mtu mgodini kwa dola moja na nusu.
Hruška. Chapa namba mia tatu na kumi na nane.
Aliinama vizuri. Nasema kwa sababu nilimwona:
magoti chini, viganja wazi, macho mpirani.
Kisha mpira ukakutana na kijiwe
ukamruka begani kama chura.

Mji mzima ulishangilia. Mama yake pia,
kabla hajakumbuka.

Alikuja Prosser, mrushaji wao, akaegemea meza yangu:
"Andika kosa, mzee. Vipigo vitano juu ya jina langu, visiwe sita."
Akaja Dunleavy, ananuka bia ya watu wengine:
"Kipigo kile. Mke wangu hukata magazeti."
Kijana hakuja.
Zamu yake ilianza saa kumi na mbili.

Nina safu ya mbio, safu ya vipigo,
ya waliotolewa, ya misaada, ya makosa.
Sina safu ya mawe.
Nilichukua taa nikarudi uwanjani usiku,
mtu mzima, nimeinama kama anayetafuta kishikizo,
nikapata mawe kumi na moja, kila moja likiapa ndilo.

Nikaandika kosa.
Ningependa kusema sheria ilinilazimisha.
Sheria inasema: jitihada ya kawaida,
halafu inanyamaza, inaniachia mimi ukawaida.
Nilikuwa nimechoka, na Prosser alikuwa bado ameegemea meza.

Ijumaa, dirisha la mshahara.
Mikono meusi, moja baada ya moja, chapa za shaba juu ya ubao.
Mia tatu na kumi na nane.
Nikamhesabia fedha yake, nikamsukumia na kipande cha gazeti.
Mpiga chapa hubana majina yasiyoenea, kwa hiyo:

H'ska 3 0 1 2 4 1

Aliisogeza karibu na uso, akaifuata kwa ukucha.
"Huyu ni nani?"
Ni wewe, nikamwambia. Hii moja ni kipigo chako, duru ya tano.
Mbili uliowatoa. Nne, misaada.
Sikuitaja ile moja ya mwisho, naye hakuiuliza.
"Kwetu jina hili ni tunda," akasema. "Peasi.
Hapa wameng'ata katikati."

Foleni ikasukuma. Akaikunja karatasi mara nne,
akaitia ndani ya kofia, chini ya taa,
akashuka.