Lita Tano Mgongoni

Njia yetu ya zamani ilianzia Mwariki,
kando ya ua wa mbuga, kabla jua halijatoka,
nyati wakitutazama kama wasimamizi wa mtihani.
Sasa ziwa limefika pale tulipofungia kamba za raba.
Nguzo za ua zimebaki vichwa tu juu ya maji,
na yule mwari aliyetua kwenye nguzo ya kilomita ya pili
hajui kwamba amekalia mahali
nilipompita Lotodo, mara moja, maishani mwangu.

Tukageukia juu, Menengai.
Huko nako, Februari, moto ulikuwa umepita.
Wiki tatu tulikimbia juu ya majivu.
Makohozi meusi.
Soksi nyeupe za Chemutai
hazikurudi tena kuwa nyeupe.

Kocha wetu ni Kwamboka, mwalimu wa hesabu,
mfupi, mkali, hagombi ila kwa kalamu.
Ana daftari la miaka kumi na tisa:
muda wetu safu hii, hali ya hewa safu ile.
Jumamosi moja alilifungua juu ya boneti ya gari la mtu
akasema, "Someni."
Machi, vumbi. Machi, vumbi.
Aprili, vumbi; Oyaro kaanguka kwa joto.
Mei, mafuriko, hakuna mazoezi.
Miaka yote hiyo safu mbili zilikuwa zikisemezana
na sisi tulikuwa tumesoma moja tu,
yenye majina yetu.

"Mnalilia vyuma vya kunyanyua," akasema. "Hivi hapa."
Akashusha mitungi ya mafuta ya kupikia,
lita tano tano, imeoshwa, bado inanuka mandazi.
Tangu siku hiyo hatuupandi mlima mikono mitupu.

Sitadanganya: miche mia mbili ya kwanza ilikufa.
Mbuzi wa Gathogo walikula wakashiba,
iliyobaki ikamalizwa na jua.
Tulikuwa tumepiga picha na kila mche,
tukashuka kunywa chai.
Picha zingali hai.

Ndipo Kwamboka akaandika sheria, nyuma ya daftari:
usipande mche usioweza kuubebea maji
hadi mvua ya pili.
Nikapunguza kutoka kumi hadi mitatu.
Mitatu ni mingi. Waulize mabega yangu.

Mengine yalifuata, kama jasho linavyofuata.
Mbio za Kisumu tuliacha kukodi magari manne;
twende kwa treni, magoti yakigusana,
Oyaro akikoroma hadi Muhoroni.
Na huko Kisumu, mwandaaji alipopanga chupa za plastiki
meza nzima, zinameta kama samaki,
tukamwambia: vikombe na pipa la maji, au hatuondoki hapa.
Akadhani mzaha. Akapuliza filimbi.
Hakuna mguu uliosogea.
Wale wa Kakamega wakatutazama, kisha nao wakaketi.
Dakika kumi na moja.
Kwamboka alizipima, akaziandika:
muda wetu mbaya kuliko wote,
akaupigia mstari kwa wino mwekundu
kama anavyofanya kwa mtoto aliyepata zote.

Sijui kama tumeliokoa lolote.
Ziwa halijarudi nyuma hata hatua,
na lori la makaa bado hushuka usiku, taa zimezimwa,
ingawa sasa tuna namba zake
na kila Jumatatu mmoja wetu hukimbia hadi afisi ya misitu
akaacha jasho kwenye kiti cha bwana mkubwa
mpaka barua ipokelewe na kupigwa muhuri.

Leo asubuhi nimefika juu nikihema.
Mkinduri wangu mmoja umenifika kifuani.
Ule wa pili una majani manne. Wa tatu, tusiuseme.
Nikafungua mfuniko, nikamwaga polepole,
udongo ukanywa kwa sauti, kama mtoto mwenye homa.
Nilipoteremka, Kwamboka ameshika kalamu.
"Muda?"
"Sikupima."
Akanitazama nywele, zilikuwa na unyevunyevu,
akaruka safu ya kwanza,
akaandika katika ile ya pili:
*manyunyu*.