Umefika

Bwire alitaka maneno matano tu,
yasizidi herufi kumi na mbili,
yakae safu ya mwisho kulia,
mteja akiuuliza mtambo, mtambo umjibu.

Tupo Kirumba, ghorofa ya pili, juu ya duka la nyavu;
harufu ya dagaa hupanda ngazi bila hodi.
Nikaandika:
UMEPOKEWA. UKO FOLENI. UMETUMWA. UMEFIKA.
Na la tano, lililozidi herufi moja
likapita kwa huruma: UMESHINDIKANA.

Ujumbe ukiingia hupewa namba kama mgonjwa wa Bugando,
hukaa benchi.
Simu ikiwa imezimwa tunabisha tena baada ya dakika tano,
kisha saa, kisha saa sita,
siku ya tatu tunauzika.
Hakuna matanga. Mstari mwekundu, basi.

Lakini hilo la nne lilinikera.
Umefika wapi? nilimwuliza Bwire.
Kwenye simu.
Na mtu?
Akacheka: Milembe, mtu hayumo kwenye mkataba.

Kila Jumatano ya kwanza, saa tatu asubuhi,
namba inayoishia 417, kisiwani Kome:
"Ndugu Ndalahwa, kesho ni kliniki ya presha. Njoo na kadi."
Sekunde nne, umefika.
Wa hapa mjini, chini ya mnara, wanakwama,
yeye ng'ambo ya maji hajawahi kukosa.
Nikamsifu kimoyomoyo: huyu mzee simu yake haizimi.

Machi akapiga mwanamke.
Mimi Nyanjige. Mwenye namba tulimzika kabla ya Krismasi.
Nikaomba radhi, kidole kikaenda kwenye kufuta.
"Usifute," akasema.
"Naichaji kwa sola ya jirani, shilingi mia tatu.
Ikilia, watoto wanasema baba anaitwa.
Nani mwingine anamwita ndugu siku hizi?"

Umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa chini, ikashika.
Foleni ilikuwa imejaa jumbe elfu mbili na kitu,
zinasukumana kama ndoo bombani Igoma
wiki maji yanapokatwa.
Bwire akapaza sauti kutoka mlangoni: vipi, zinatembea?
Zinatembea, nikamjibu.

Sikufuta.
Jumatano iliyofuata nikausubiri mstari wake,
nikausoma polepole, kwa sauti,
kama mtu anayempokea mgeni mkoba mlangoni:

Ndalahwa.
Umefika.