Kuipeleka Terne Marstal

Redio ya saa kumi na mbili asubuhi ilisema:
kusini-magharibi, nguvu nne, baadaye sita,
manyunyu, ukungu mahali mahali, kisha jua.
"Kwa hiyo hawajui," akasema Esben,
akafungua kamba gatini Svendborg
bila kunitazama.

Maneno kumi hivi tangu mazishi ya mama.
Hesabu yangu iamini: nilikuwa karani wa forodha,
miaka thelathini na moja nikihesabu vya watu.

Thurø ikapita kushoto, bendera zake bustanini,
jua likatuchoma shingo, Julai ya kweli.
Nikavua sweta.
Nikavaa sweta.
Kichwa hakijatoka kwenye ukosi, mvua imeshafika,
imeshapita, inakimbilia Langeland
kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka.

Kisha upepo ukatuangukia.
Yeye usukani, mimi demani,
tukabisha, tukabisha tena,
omo ikichota maji na kututupia usoni.
"Legeza!"
"Nimelegeza!"
"Legeza kama mama!"
Hapo ndipo maneno yalipopita kumi.

Tukapunguza tanga. Vidole vyangu, miaka sitini na minne,
vilikumbuka mafundo ambayo mimi nimeyasahau.

Halafu upepo ukakatika, kama aliyeshikwa na aibu,
na ukungu ukaja kukaa nasi.
Daraja la Langeland tulilipita kwa masikio:
lori lisiloonekana likibadilisha gia mawinguni.
Honi yetu ilikuwa imekufa. Nikagonga kikaango kwa mwiko
kila dakika mbili.
Esben akacheka puani. Cheko la baba lile.

Boya la kijani.
Boya jingine la kijani, ambalo halikuwapo.
Kisha mkuku ukasema neno moja, polepole,
tukawa tumekaa mchangani.

Wageni hudhani kila bahari humtii mwezi.
Hapa mwezi hana amri kubwa;
maji huja na kwenda kwa ridhaa ya upepo,
na upepo wa leo ulikuwa umeyapeleka kwa wengine.
Tukangoja. Terne ikajilaza ubavu.
Mkate mweusi, samaki wa siki, kitunguu,
kahawa yenye ladha ya chupa.

Ilivyolala hivyo, maji ya ngamani yakahamia upande mmoja.
Nikainua ubao ili nikaushe,
na pale, kati ya mbavu mbili za mti,
kijiko.

Cha fedha. Cha kumi na mbili.
Kile ambacho Esben alisema nimekiiba,
kile ambacho nilisema mkewe amekiuza Odense,
kile ambacho wakili alikiandikia barua mbili,
kila moja ghali kuliko chenyewe.
Mama alikuwa akikorogea kahawa humu. Kikamponyoka. Basi.

Tezi tumekwenda na omo tumekwenda, miezi mitano,
nacho kiko hapa chini, kinakunywa chumvi.

Hatukuombana radhi. Sisi si watu wa hivyo.
Nilikifuta kwa sweta, nikakorogea kahawa yake,
ingawa hatii sukari,
naye akainywa yote.

Yapata saa tisa upepo ukageuka.
Maji yakarudi, sentimita moja, nyingine,
Terne ikajitikisa, ikasimama.
Ukungu ukachanika: ukuta wa mawe wa Marstal,
na jua juu yake, halina haya,
kana kwamba lilikuwapo kutwa.

Jeppe, mnunuzi, alikuwa gatini na bahasha,
kijana, viatu vyeupe pe.
"Inavuja?" akauliza.
"Kidogo," akasema Esben.
"Chungulia ngamani mara kwa mara," nikasema mimi.

Kwenye basi la kwendea feri mvua ikaanza upya.
Nikatia mkono mfukoni mwa koti nitafute tiketi,
nikagusa kitu baridi.
Nikangoja asinzie, nikakirudisha kwake.
Kwenye feri nikakikuta tena kwangu.
Na mimi, karani, miaka thelathini na moja,
sikuhesabu kilivuka mara ngapi.