Betri ya Keskil

Yakutsk, Januari. Nyuzi hamsini chini ya sifuri.
Kila usiku Keskil huipandisha betri ghorofa nne,
huilaza jikoni kando ya bomba la moto
kama kitoto chenye homa.

Tuyaara hasemi kitu. Anahesabu.
Jumatatu starta ilikohoa mara mbili.
Jumatano taa zilififia alipowasha hita,
zikawa rangi ya chai iliyoongezwa maji.
Vichwani umeota unga wa kijani;
mume huukwangua kwa mswaki mkuukuu
akiapa: ni waya tu, waya zimelegea.

"Ina miaka sita," asema Tuyaara.
"Mimi nina arobaini na tisa. Nitupe nami."

Asubuhi hii ubavu umefura.
Harufu ya yai viza imeitangulia chai,
na la kuvunda, jamani, halina ubani.
Anashuka nayo vivyo hivyo,
anaifunga, anageuza ufunguo:
tik.
Tena: tik.
Halafu theluji, na kimya chake.

Anapanda ngazi mikono mitupu.
Tuyaara keshavaa buti.
Pesa ya betri mpya imo ndani ya glavu
tangu Novemba.